Maji ya Mikve na Maji ya Ubatizo

Anayeshuka kwenye mikve, birika ambamo Wayahudi huzama ili kujitakasa, ameshaoga. Lianze hilo, kwa sababu wengi wakisikia kwamba Wayahudi huzama majini kujitakasa hudhani ni habari ya kutoa uchafu, au ya kufuta dhambi. Torati inamhesabu kuwa najisi mama aliyejifungua, na pia mtu aliyegusa maiti, hata ikiwa ni ya baba yake ambaye ni wajibu kumzika. Hapo hakuna aliyekosa. Unajisi ulimzuia mtu kuingia Hekaluni na kula vitu vitakatifu, na njia ya kutoka humo ilipitia majini.

Maji yenyewe yana sheria zake. Mambo ya Walawi 11:36 husema chemchemi, au birika lililokusanya maji, hubaki safi. Juu ya mstari huo mmoja marabi walijenga sehemu nzima ya Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi wa yapata mwaka 200 BK. Birika liwe na maji yasiyopungua sea 40, kipimo ambacho marabi wa leo hukihesabu kuanzia lita 330 hivi hadi zaidi ya 570. Wajenzi huzidisha ili wasiingie kwenye shaka. Tena maji yawe yamefika yenyewe: ya mvua, ya chemchemi, au ya theluji iliyoyeyuka. Ya kuteka kwa ndoo hayahesabiki. Birika ambalo bado halijatimiza sea 40 likiingiwa na logi 3 tu za maji ya kuteka, yaani kama lita moja au zaidi kidogo, limeharibika. Likishatimia, unaweza kuongeza ya ndoo upendavyo.

Ndiyo maana mikve za siku hizi mara nyingi huwa na matangi mawili. Moja hukinga maji ya mvua. La pili, ambamo watu huzama, hujazwa maji ya bomba, yakapashwa moto na kubadilishwa kila yanapochafuka. Ukutani kati yake pana tundu lenye upana wa kutosha vidole viwili kuzunguka ndani yake, na hapo maji hukutana. Kwa Kiebrania kukutana huko huitwa kubusiana, na kwa busu hilo maji ya bomba hupata hukumu ya maji ya mvua.

Sasa kuzama kwenyewe. Mtu huvua nguo zote, pete, hereni na plasta. Husafisha meno na kucha, huondoa rangi ya kucha, huchana nywele hadi zisiwe na fundo. Chochote kinachozuia maji kugusa mwili kinaweza kubatilisha tendo zima. (Msomaji Mwislamu atakumbuka masharti ya josho la janaba.) Majini, vidole huachanishwa, magoti hukunjwa kidogo, macho na midomo hufungwa bila kubanwa. Shungi moja la nywele likielea juu, hakuna kilichofanyika, azame upya. Msimamizi hukaa kando akitazama, wala hamshiki. Mishna inasema ukimshika mtu ukamzamisha, bado ni najisi, kwa kuwa maji hayakupita chini ya kiganja chako, isipokuwa umelowesha mkono wako kwanza.

Ukilijua hilo, utaona kwa nini Yohana alipewa jina la Mbatizaji. Myahudi alijizamisha mwenyewe. Naamani katika 2 Wafalme 5:14 alishuka “akajichovya mara saba katika Yordani”, na tafsiri ya kale ya Kigiriki hapo hutumia kitenzi kilekile tulichokigeuza kuwa “kubatiza”. Kwa Yohana watu walibatizwa naye. Mwanahistoria Myahudi Josephus naye anamtaja, akieleza kwamba ubatizo huo ulitakasa mwili wa mtu ambaye nafsi yake imeshatakaswa kwa haki. Kilicho karibu zaidi na ubatizo wa Kikristo ni kuzama kwa mwongofu anayeingia Uyahudi: huzama mbele ya mashahidi, baada ya kuelezwa baadhi ya amri.

Wale 3,000 wa Matendo 2:41, waliobatizwa Yerusalemu siku ya Pentekoste, hawakukosa maji. Kusini mwa mlima wa Hekalu wachimbaji wamefukua mabirika mengi yenye ngazi na lipu, na mengine kama hayo yako Yeriko, Qumran, Masada na Magdala. Yale mabalasi sita ya mawe ya harusi ya Kana, ambamo Yesu aligeuza maji kuwa divai, yalikuwa na kazi nyingine. Kila moja lilipata nzio mbili au tatu, kama lita 80 hadi 120, na maji yake yalikuwa ya kuteka: yangefaa kwa kunawa mikono, si kwa kujaza mikve. Yalikuwa ya mawe kwa sababu, kwa sheria, jiwe halishiki unajisi.

Kanisa la kwanza lilirithi mengi ya haya. Mapokeo ya Mitume, maandishi ya kale yanayohusishwa na Hippolytus wa Roma, yanawaagiza wanawake wafungue nywele na kuvua mapambo ya dhahabu, na mtu asiingie majini na kitu kigeni. Didake, mwongozo mfupi wa Wakristo wa kwanza ambao ni wa zamani zaidi, inaagiza kubatiza katika maji yaliyo hai, yaani yanayotiririka. Yakikosekana, katika maji mengine. Kama ya baridi haiwezekani, ya moto. Kisha inaongeza ruhusa ambayo mikve haiijui kabisa: ikiwa hata hayo hayapo, mmiminie mtu maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.