Kusomeana si kutibiwa

Kusoma kwa pamoja, kwa maana ninayoizungumzia hapa, ni vijana wachache kukutana mara kwa mara na mwezeshaji, hadithi au shairi likasomwa kwa sauti, kisha wakalizungumzia. Wakati wa vita hufanyika kambini, maktabani, hata ndani ya handaki. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachoniuma ni kusikia, kwa mara nyingine tena, kwamba vijana hao "wanatibiwa kiwewe kwa vitabu".

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno bibliotherapia, yaani tiba kwa vitabu. Samuel McChord Crothers, mchungaji na mwandishi wa Marekani, alilitumia mwaka 1916 katika jarida la Atlantic Monthly, tena kwa utani: mtu kafungua kliniki, anawaandikia watu vitabu kama daktari anavyoandika dawa. Mwaka uliofuata Marekani iliingia vitani, na chama cha wakutubi wa nchi hiyo kikapeleka vitabu katika hospitali za kijeshi. Vitabu vikaingia wodini, na neno likavifuata.

Lakini therapeia ya Kiyunani, iliyozaa nusu ya pili ya neno hilo, kabla ya kumaanisha uponyaji, ilimaanisha kumhudumia mtu, kuwa karibu naye. Katika tenzi za kale za Wayunani, therapon ni mwandani wa shujaa vitani: anamwendeshea gari la farasi, anakula naye, anapigana kando yake. Si tabibu. Tulipotafsiri tukachukua "tiba", neno ambalo kwetu lina daktari upande mmoja na mgonjwa upande wa pili, na yule mwandani akaachwa nje.

Kiswahili kilikuwa na njia nyingine. Ukimsomea mtu, wewe unatoa na yeye anapokea. Mkisomeana, zamu inazunguka, na hakuna anayeketi pale kama mgonjwa. Kiambishi kimoja tu, lakini ndicho kinachobeba jambo lenyewe.

Tofauti hii ina madhara yake. Anayeamini kwamba anatibu huchagua hadithi ya mabomu kwa vijana waliopigwa mabomu, kisha anauliza: "Na wewe, ilikuwaje?" Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani na wenzake, wa mwaka 2011, unakataza kumshinikiza mtu asimulie yaliyomkuta. Mhusika wa kubuni anafaa kwa sababu kijana anaweza kusema "huyu dada anaogopa" bila kulazimika kusema "mimi naogopa". Akitaka kuvuka hapo, atavuka mwenyewe. Asipotaka, bado amepata saa moja yenye mwanzo na mwisho, pamoja na watu wanaolijua jina lake.

Mwongozo wa kamati ya mashirika ya misaada, IASC, wa mwaka 2007 unapanga misaada ya kisaikolojia na kijamii kama piramidi. Wataalamu wa afya ya akili wako kileleni, kwa wachache wanaowahitaji. Misaada ya familia na jamii iko chini zaidi, kwa walio wengi. Kusomeana kunakaa huko chini, na huko si mahali pa aibu.

Kwa hiyo, ndugu unayeongoza kikundi, sikuombi ufunge kitabu. Nakuomba uliache neno "tiba". Kijana asiyelala wiki nzima, au anayesema hataki kuishi, mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo, na umwambie kwamba nafasi yake kikundini ipo.