Ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu: nini hasa huugua?

Tukisema fulani ana ugonjwa wa moyo, tunaweza kuwa na maana ya presha, mishipa ya moyo iliyoziba, moyo ulioshindwa kusukuma damu au milango ya moyo iliyoharibika. Kiharusi nacho kimo katika kundi hilo. Mara nyingi kinachotangulia kuugua ni ateri, ile mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini.

Presha ya muda mrefu, moshi wa sigara na kisukari huharibu utando laini wa ndani ya ateri. Kolesteroli aina ya LDL, yale mafuta mabaya ya damu, hupenya chini yake. Chembe nyeupe za damu huifuata, huimeza na kufia humo humo. Miaka ikipita, hujengeka uvimbe wa mafuta uliofunikwa na ngozi. Njia ikiwa nyembamba, kifua hubana mtu akipanda mlima, kikaachia akipumzika. Hatari kubwa zaidi ni ngozi ile kupasuka: damu huganda juu ya kidonda na kuziba njia kwa dakika chache, hata kama uvimbe ulikuwa mdogo. Ndivyo mtu aliyelima asubuhi anavyoanguka mchana, watu wakaanza kuulizana nani kamroga.

Mshipa wa moyo ukiziba, kifua hulemewa, maumivu hupanda tayani au mkononi, jasho jembamba likatoka. Wanawake na wenye kisukari huweza kuhisi uchovu na kukosa pumzi tu. Ukiziba wa ubongo, uso hulegea upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki. Lakini kiharusi huletwa pia na mshipa uliopasuka, kwa hiyo mgonjwa asipewe aspirini kabla ya picha ya CT, eksirei inayoonyesha ndani ya kichwa.

Milango ya moyo ina njia yake ya kuharibika: mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa utotoni huweza kuifanya kinga ya mwili iishambulie.

Presha kwa kawaida haina dalili. Ili kuipima, kaa dakika 5 bila kuzungumza, kibofu kitupu, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Mkanda mdogo wa kipimo kwenye mkono mnene huonyesha namba kubwa kuliko ilivyo. Ikirudia 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Dawa zikiishusha, wengi huziacha wakidhani wamepona, kumbe zilizoishikilia ni hizo hizo.