Mnyama wa brashi, mnyama wa mkasi

Mchoraji wa wanyamapori humchora mnyama akiwa mahali pamoja, chini ya mwanga unaotoka upande mmoja. Mshonaji wa mifarishi ya viraka huipokea picha hiyo ikiwa imechapwa kwenye pamba, kisha huikata na kuiunga upya. Nimeshona vitambaa vya aina hii kwa miaka mingi, na naona kwamba makosa mengi hutokea pale tunaposahau kwamba kitambaa hicho kilikuwa mchoro kabla ya kuwa viraka.

Katika uchapaji wa skrini, ambapo wino husukumwa kupitia wavu hadi kwenye kitambaa, kila rangi huhitaji skrini yake, hivyo manyoya ya chui, ambayo mchoraji aliyajenga kwa kuchanganya rangi tabaka juu ya tabaka, hulazimika kupunguzwa hadi rangi chache. Uchapaji wa dijitali, ambao hunyunyiza matone madogo sana ya wino, umeondoa kikwazo hicho, na ndiyo maana siku hizi tunaona hata unyevu wa pua ya swala. William Morris, mbunifu wa nakshi wa Uingereza, alifuata njia nyingine: katika kitambaa chake cha mwaka 1883 kinachoonyesha ndege wakiiba stroberi, hakuiga kila unyoya, bali aliwageuza ndege kuwa nakshi inayojirudia. Nakshi ya namna hiyo huvumilia mkasi, kwa kuwa kipande chochote utakachokata bado huwa na maana. Picha inayofanana na mnyama halisi haina uvumilivu huo.

Kwa hiyo, kabla ya kukata, mimi hutafuta kwanza mwanga unatoka wapi. Ukikata vichwa vinne vya bundi na kuvizungusha ili vitazame pande nne, vivuli navyo vitaanguka pande nne, na mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja. Kisha napima nafasi ya mshono. Kwa desturi ni robo ya inchi, yaani takribani milimita 6, kila upande, na hiyo yatosha kumeza ncha ya sikio. Kiolezo cha plastiki angavu, kilichochorwa mstari wa mshono, huonyesha kitakachobaki baada ya kushona. Bila hicho siwezi kukata uso wa mnyama kwa moyo mtulivu.

Vitambaa vya kuandamana na picha kubwa ndivyo vinavyostahili muda wako zaidi. Watu hununua simba, kisha humzungushia maua mekundu yanayong'aa kuliko yeye. Mimi huchagua vitambaa vinavyoonekana kama vimebanduliwa kutoka pembezoni mwa mchoro uleule: gome la mti, nyasi kavu, ukungu, manyoya yasiyo na mwenyewe. Huviweka ukutani, nikavitazama nikiwa nimefumba macho nusu, ili rangi zififie na kubaki giza na mwanga peke yake. Mnyama akipotea katika mtazamo huo, atapotea pia kitandani, hata rangi ziwe nzuri kiasi gani.

Hatua ya mwisho ni mishono inayoshikamanisha tabaka tatu: uso, pamba ya kati na kitambaa cha chini. Mahali penye mishono mingi hulala bapa, na mahali penye mishono michache huinuka. Nikishona mandhari kwa mistari iliyosongamana, mwili wa mnyama hutokeza wenyewe mbele, jambo ambalo mchoraji alilipata kwa kivuli tu. Juu ya mwili nafuata mwelekeo wa manyoya, kutoka shingoni kwenda mgongoni, kwa uzi unaokaribiana na rangi ya kitambaa na sindano nyembamba, kwa kuwa sindano nene au butu huweza kuacha vitone vyeupe kwenye kitambaa ambacho wino wake umekaa juujuu. Nikilifikia jicho nalizunguka kwenye ukingo wa kope, na ndani yake sipitishi uzi wowote.