Alama zote kwenye simu, na bado hajaelewa

Jioni, SNEL isipokata umeme, wazazi wengi wa Lubumbashi humpa mtoto simu afanye mazoezi ya kusoma Kifaransa. Si vibaya hata kidogo. Ila kuna mambo yanayosemwa kuhusu programu hizi ambayo si kweli.

Dhana: Akipata alama zote, ameelewa.

Soma hapa: "Mbegezo alikefua kidumvi asubuhi." Nani alikefua kidumvi? Mbegezo. Lini? Asubuhi. Umepata zote, na hujui kidumvi ni chungu au ni mdudu, maana maneno hayo nimeyabuni tu. Mtoto wa darasa la nne akikutana na "La chèvre broute près du ruisseau" (mbuzi anakula majani karibu na kijito) anaweza kufanya vivyo hivyo. Programu inamuuliza mbuzi yuko wapi, anabonyeza "près du ruisseau", nyota inawaka, muziki unalia. Muulize kwa Kiswahili mbuzi alikuwa akifanya nini huko: kimya. Maswali ya kuokota jibu ndani ya sentensi ni rahisi kwa mashine kuyasahihisha, ndiyo maana yamejaa. "Kwa nini?" na "unadhani itakuwaje?" yanataka mtu wa kusikiliza. Kwa hiyo kabla ya kuisifu programu, ifungue mwenyewe uone inauliza nini.

Dhana: Hadithi za Kiswahili zinamchelewesha Kifaransa.

Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi ni kuzidisha vitu viwili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Watoto wengi wa Katuba au Ruashi hapa mjini wanaingia darasani na Kiswahili tayari mdomoni, Kifaransa wanakikuta hukohuko. Wakizoea kutafuta sababu, kukisia, na kurudi nyuma pale hadithi inapowachanganya, katika lugha wanayoijua, mazoea hayo huwasaidia pia kwenye Kifaransa. Hata sheria ya elimu ya nchi yetu ya mwaka 2014 inazitaja lugha za taifa kama lugha za kufundishia. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za bure kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Ukipata hadithi moja katika lugha zote mbili, anza na ya nyumbani.

Kuhusu dhana kwamba kusoma kwenye simu kunamaliza mega za intaneti, nisikawie. Hadithi hizo hupakuliwa mara moja zikasomwa baadaye. Kolibri, programu ya masomo, nayo imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: kompyuta moja ya shule inaweza kuhudumia simu na tableti zilizo karibu nayo.

Inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba simu imeshachukua nafasi ya kitabu. Mwaka 2018 mtafiti Delgado na wenzake walichambua tafiti 54 wakakuta kwamba watu huelewa zaidi wakisoma kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa maandishi ya maarifa, na hasa wakibanwa na muda. Kwa hadithi peke yake tofauti hiyo haikuonekana. Na programu nyingi zinafanya nini? Zinaweka saa inayohesabu sekunde pembeni mwa habari ya sayansi! Kama saa hiyo inazimika, izime. Habari yenyewe ipeleke ikachapishwe, asome akiwa na kalamu mkononi, na hadithi zibaki kwenye simu.