Wageni elfu nne kwa usiku mmoja: soma kumbukumbu za seva kabla ya kushangilia

Mtu ana tovuti yake ndogo ya mambo anayoyapenda: milango ya nakshi ya Mji wa Kale wa Mombasa, ndege wa mikoko ya Tudor, mapishi ya kina nyanya, stempu za zamani. Siku za kawaida hupata wageni ishirini, thelathini, na nusu yao ni jamaa zake. Asubuhi moja anashika simu, anaona kihesabu kinasoma 4,000. Hajaandika jambo jipya tangu mwezi uliopita, wala hakuna redio iliyomtaja. Wametoka wapi hawa?

Swali hili hutufikia mara kwa mara katika kitengo chetu cha mifumo ya kompyuta, na wanaolileta ni wa aina mbili. Kuna aliyefurahi, ambaye tayari anapiga hesabu ya matangazo. Na kuna aliyeingiwa na hofu, ana yakini kuwa amedukuliwa na kesho akaunti ya benki itafuata. Wote wawili tunawaanza kwa swali moja: umeangalia kumbukumbu za seva? Karibu wote hawajaziangalia, kwa sababu hakuna aliyewaambia zipo.

Kihesabu unachokiona kwenye simu si mtu aliyekaa mlangoni. Ni kipande kidogo cha programu ndani ya ukurasa wako. Kivinjari cha mgeni kikifungua ukurasa, kipande hicho hutuma ujumbe kwa kampuni ya takwimu kusema "mmoja amefika." Kuwahesabu watu kwa ujumbe huo ni kama kufumba macho pale Likoni na kuhesabu wanaoshuka feri kwa vishindo vya viatu: siku nyingi utakaribia, lakini akija mmoja wa kupiga miguu chini kwa makusudi, hesabu yako imeharibika. Wapo wanaofanya hivyo hasa. Hutuma ujumbe wa uongo moja kwa moja kwa kampuni ya takwimu bila kuugusa ukurasa wako, wakiweka anwani ya tovuti yao kwenye safu ya "alikotoka mgeni," ili wewe kwa udadisi uibonyeze. Usiibonyeze.

Kumbukumbu za seva ni kitu kingine. Hilo ni faili ambamo seva inayohifadhi tovuti yako huandika mstari mmoja kwa kila ombi lililofika: ukurasa, picha, hata ombi la kitu kisichokuwepo. Kampuni nyingi za kukodisha nafasi ya tovuti hukuwekea faili hilo kwenye paneli yako, ulipakue. Kihesabu kikisema 4,000 na kumbukumbu zisionyeshe ongezeko lolote, basi hakuna aliyekuja. Umepigiwa miguu tu.

Tuuangalie mstari mmoja. Nimeweka anwani ya mfano, lakini umbo lake ndilo hili:

203.0.113.45 - - [14/Jan/2026:01:12:07 +0000] "GET /wp-login.php HTTP/1.1" 404 548 "-" "Mozilla/5.0 Windows NT 6.1"

Namba ya kwanza ni anwani ya IP ya aliyeomba, yaani namba inayomtambulisha kwenye mtandao. Kwenye mabano kuna tarehe na saa. Kisha kinakuja alichoomba, na hapa ndipo pa kukodolea macho: wp-login.php ni ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Kama tovuti yako haitumii WordPress, hakuna binadamu anayeweza kuutaka ukurasa huo, kwa kuwa haupo na haujawahi kuwepo. Seva yako yenyewe imejibu 404, maana yake "hakuna kitu hicho." Alama ya kistari ndani ya alama za nukuu inaonyesha kuwa hakutaja alikotoka. Mwisho ni jinsi alivyojitambulisha: anadai anatumia Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2020. Mtu mmoja mwenye kompyuta kuukuu yupo. Mia nane kwa usiku mmoja, wote na kompyuta ileile kuukuu, hao si watu.

Saa nayo huwapotosha wengi. Seva nyingi huandika saa za dunia, na ile +0000 ndiyo dalili yake. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ombi la 01:12 kwa seva lilifika hapa saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri. Na ukiona 21:00 usidhani ni saa tatu usiku, wakati watu wamemaliza chakula na wameshika simu. Kwetu ni saa sita ya usiku. Nimeona mtu akijenga hoja nzima kuwa "wasomaji wangu huja baada ya Isha" juu ya kosa hili.

Binadamu ana mwendo wake. Akifungua ukurasa, kivinjari chake huomba maandishi, kisha ndani ya sekunde moja au mbili picha, mitindo ya ukurasa na ile nembo ndogo ya kichupo. Halafu kimya, anasoma. Baada ya muda anafungua ukurasa wa pili, au anaondoka. Roboti nyingi, yaani programu zinazozitembelea tovuti zenyewe bila mtu, huomba maandishi peke yake bila picha, au hupita kurasa zote tangu tovuti ianze kwa mpangilio, moja kila sekunde, bila kupumzika.

Roboti hizi ni za nani? Baadhi ni za injini za kutafuta, na hizo unazihitaji. Bila Googlebot, roboti ya Google, hakuna atakayekupata kwenye Google. Baadhi ni za wapekuzi wanaojaribu kila tovuti duniani kama ina kufuli mbovu. Kundi lililovimba miaka hii ni la wakusanyaji wa maandishi na picha za kufundishia akili mnemba. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilitangaza roboti yake, GPTBot, Agosti 2023, na si wao peke yao. Shirika la Wikimedia, lenye Wikipedia, lilisema Aprili 2025 kwamba data inayotumika kupakua picha na video zake ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na kwamba asilimia 65 ya maombi yanayoligharimu zaidi yalitoka kwa roboti. Kampuni ya usalama wa mtandao ya Imperva nayo ilikadiria kuwa mwaka 2024 roboti zilifikia asilimia 51 ya shughuli zote za wavuti. Imperva huuza kinga dhidi ya roboti, kwa hiyo tarakimu yao naichukua kwa tahadhari, ila mwelekeo wake hauna ubishi.

Tovuti ya mambo ya kupenda huvutia roboti kwa sababu ileile inayowavutia watu: maandishi ya miaka mingi, ya mkono wa mtu, juu ya jambo ambalo kwingine halijaandikwa. Aliyeeleza kwa Kiswahili tofauti ya nakshi za mlango wa Kihindi na wa Kiarabu ana kitu adimu.

Kisha kuna ile ramani ya takwimu inayoonyesha miji wanakotoka wageni. Watu huvutiwa sana nayo, na ndiyo sehemu ya kuaminiwa kwa uchache zaidi. Mwishoni mwa 2025 wenye tovuti wa sehemu nyingi za dunia walianza kuona mawimbi ya wageni kutoka Lanzhou, mji wa magharibi mwa China, na kutoka Singapore. Wageni waliokaa sekunde sifuri na kuondoka. Mwenye tovuti ya mapishi akiliona jina la Lanzhou huanza kuwaza: nani huko anataka kujua kupika mbaazi za nazi? Jina la mji kwenye ramani ni makisio ya orodha inayounganisha anwani za IP na mahali. Singapore imejaa vituo vya seva za kukodi, na roboti inayotokea huko inaweza kuendeshwa na mtu wa bara jingine kabisa. Kuna kisa kilichoripotiwa 2016 huko Marekani: kampuni moja ya orodha hizo, kila ilipojua kuwa anwani ni ya Marekani lakini haijui mji, iliiweka katikati ya nchi. Nukta hiyo iliangukia shamba moja la Kansas, anwani zaidi ya milioni 600 zikahesabiwa kuwa zinatoka hapo, na wakazi wake wakaandamwa miaka mingi na polisi na watu wenye hasira waliokuwa wakifuatilia walaghai.

Haya yote hayana maana kwamba kila ongezeko ni la uongo. Mapishi ya kaimati, vibibi na mkate wa sinia hupanda Shaaban ikielekea ukingoni, na hao ni watu wenye unga mkononi. Kiungo kikitupwa kwenye kundi kubwa la WhatsApp, wageni huja kwa mkupuo na kihesabu hakionyeshi walikotoka, kwani WhatsApp kwa kawaida haisemi. Dalili utaipata kwenye kumbukumbu: punde kabla ya mkupuo kuna mstari wenye jina WhatsApp, ambao ni programu hiyo ikichukua picha na kichwa cha habari vya kuonyesha kwenye ujumbe. Na ukiona maombi mengi kutoka anwani moja ya kampuni ya simu ya hapa nchini, usikimbilie kuifungia. Kampuni za simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani moja, na huenda unawafungia Kisauni nzima.

Ukishajua kuwa ni roboti, angalia kwanza kama zinakugharimu. Tuseme una picha 600 za milango, kila moja MB 3. Roboti moja ikizichukua zote ni GB 1.8, kumi zikifanya hivyo ni GB 18, na kifurushi chako cha mwezi huenda kimekwisha tarehe tisa. Tovuti ya Read the Docs, inayohifadhi maelezo ya programu, ilieleza kuwa Mei 2024 roboti moja ilipakua TB 73 kwao na kuwatia gharama ya zaidi ya dola 5,000. Kupunguza ukubwa wa picha, kutoka MB 3 hadi KB 300, ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote, na wageni wako wa kweli wenye bando la shilingi ishirini watashukuru.

Faili la robots.txt, utaratibu uliopendekezwa na mtaalamu wa kompyuta Martijn Koster mwaka 1994 na kuwekwa rasmi kuwa kanuni ya mtandao iitwayo RFC 9309 mwaka 2022, hukuruhusu kuandika roboti gani isiingie wapi. Ni ombi, si kufuli. Wastaarabu hulifuata, wengine hulipuuza. Humo unaweza kuizuia GPTBot na kuiacha Googlebot. Anayejiita Googlebot mhakiki: anwani yake ikitafutwa jina inapaswa kurudisha jina linaloishia na googlebot.com au google.com, na jina hilo likitafutwa anwani lirudi palepale. Jina bila uhakiki ni maneno tu, maana yeyote anaweza kujiita atakavyo. Kwa wasiosikia ombi, tumia huduma ya kinga iliyo mbele ya seva. Mojawapo, Cloudflare, ina kiwango cha bure, na tangu Julai 2025 huwazuia wakusanyaji wa akili mnemba kwa tovuti mpya bila kuombwa.

Kama una matangazo ya Google, mkupuo wa roboti ni hatari kuliko faida, kwa sababu mibofyo isiyo ya watu hukatwa na akaunti inaweza kufungwa. Ipo fomu ya kuwaarifu, ijaze mapema. Na anayekuandikia kuwa atakuletea wageni elfu kumi kwa shilingi mia tano anakuuzia roboti hizi hizi.

Kusoma ukurasa ulio wazi si kosa. Kubahatisha nywila yako ni jambo jingine, na Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaligusa. Ukiona majaribio mengi kwenye ukurasa wako wa kuingilia, badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha waarifu KE-CIRT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Wapelekee mistari yenyewe ya kumbukumbu pamoja na saa zake kama zilivyoandikwa, si picha ya kihesabu. Mistari hiyo usiibandike Facebook, kwa kuwa ina anwani za wageni wako wa kweli pia.