Je, wajua? Uzi na rula vinaweza kupima vizuri sehemu ya alaimenti ya gari

Kwa miaka niliamini kwamba kufanya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha uelekeo wa magurudumu, nyumbani ni kubahatisha. Nilikuwa nimeona gari likipandishwa kwenye mashine, namba zikiwaka kwenye skrini, nyingine nyekundu, nyingine kijani, nikajua huo ndio usahihi. Mtu anayetega uzi ubavuni mwa gari lake uani nilimwona anajidanganya. Nilikosea, na kosa langu naliona kwa wengi: nilidhani mashine ndiyo inayonyoosha magurudumu. Mashine hainyooshi kitu. Inapima tu. Anayenyoosha ni fundi aliye chini ya gari na spana mbili, moja imeshika fimbo ya usukani, yaani tairodi, nyingine inalegeza nati yake. Fundi huyo akiwa na haraka, au akikuta nati imeshika kutu akaiacha, skrini ya bei yoyote haimsaidii mwenye gari.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchagua nyumbani au gereji ni hili: kipi kinapimika vizuri kwa vifaa vya kawaida, na kipi hakipimiki?

Vipimo vikuu ni vitatu. Kemba ni gurudumu kuinamia ndani au nje ukilitazama kutoka mbele ya gari. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, kama uma wa mbele wa baiskeli unavyolala kumwelekea mwendeshaji. Tou ni uelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu: yanatazamana kwa mbele kama miguu ya mtu atembeaye vidole ndani, au kila moja linatazama nje. Tou ndiyo inayomaliza tairi upesi kuliko vyote viwili, na kwa bahati nzuri ndiyo inayokubali kupimwa kwa uzi.

Kwa nini milimita chache zile tairi? Vaa kandambili, geuza vidole vya mguu mmoja ndani kidogo, kisha tembea mbele moja kwa moja. Mguu unakwenda mbele, lakini kila ukikanyaga, soli inasagwa kidogo kwenda pembeni. Gurudumu hufanya hivyo hivyo, ila lenyewe halinyanyui mguu. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 600. Pima nafasi kati ya matairi mawili ya mbele, upande wao wa mbele kisha wa nyuma, ukute tofauti ya milimita 3. Kila gurudumu limegeuka milimita 1.5 katika 600, yaani 1 katika 400, sawa na digrii 0.14 hivi. Kwa jicho huwezi kuiona. Lakini maana yake ni kwamba gari likienda mita 400 mbele, gurudumu lenyewe linataka kwenda mita 1 pembeni. Kwa kilomita 1 ni mita 2.5. Kwa kilomita 10,000 ni kilomita 25 za kwenda kiubavu!

Hesabu hiyo ichukue kama picha. Mpira hunyumbulika pale unapogusa barabara, na sehemu ya kosa humezwa na kunyumbulika huko bila tairi kuteleza, kwa hiyo kilomita 25 haziwezi kugeuzwa moja kwa moja kuwa milimita za kashata, yaani mistari iliyochongwa usoni mwa tairi, zilizoliwa. Tena magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na tou kidogo ya makusudi, kwa sababu bushi, yaani mipira iliyo kwenye viungo vya magurudumu, zikibanwa na mwendo magurudumu hufunguka au hujifunga. Namba sahihi ni ile ya gari lako, iliyo kwenye kitabu cha ufundi cha modeli hiyo. Sifuri haifai kila gari.

Dalili yake unaweza kuishika. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ukingo wa nje kwenda ndani, kisha urudi. Tairi lenye tou mbaya huwa laini kiganja kikienda upande mmoja na hukwaruza kikirudi, kama kumpapasa samaki kufuata magamba na kinyume na magamba. Kidole hugundua hili mapema kabla tairi halijaonekana kipara.

Sasa kuhusu uzi. Jiometri ile ile inayomaliza tairi ndiyo inayoturahisishia kupima, maana kosa dogo la pembe hukuzwa na kipenyo cha gurudumu. Kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 430, milimita 1 ni digrii 0.13. Rula ya chuma na macho mazuri husoma nusu milimita. Kwa tou, hicho ni kipimo cha kuheshimiwa kabisa.

Weka usukani katikati na uufunge usicheze. Upepo wa matairi uwe sawasawa. Sukuma gari liingie lenyewe mahali pa kupimia, kwa sababu tairi lililoshushwa kutoka kwenye jeki hukanyaga likiwa limejibana, na haliachii mpaka liviringike mita chache. Tega mshipi mwembamba wa kuvulia samaki kila ubavu, kwa urefu wa katikati ya gurudumu, ukiushika kwa stendi mbili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaulaza uzi kwenye tairi la nyuma wakidhani limenyooka, wakati tairi la nyuma nalo lina tou yake. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi kwenye uzi. Kwenye ekseli ya nyuma, kushoto kulingane na kulia. Kwenye ya mbele, vivyo hivyo. Usilazimishe ya mbele ilingane na ya nyuma, kwa kuwa upana kati ya magurudumu ya mbele na ule wa nyuma mara nyingi hutofautiana.

Nyuzi zikishakaa, soma umbali kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, vidole viko ndani. Halafu sogeza gari mpaka gurudumu lizunguke nusu, linganisha nyuzi upya, pima tena, chukua wastani. Rimu iliyopinda kidogo hudanganya, na nusu mzunguko huo huufuta uongo wake. Ukianza kurekebisha, nenda polepole: kwenye tairodi ambayo nyuzi zake za skrubu zimeachana milimita 1.5, inayosukuma mkono wa kugeuzia gurudumu wenye urefu wa milimita 150, mzunguko mmoja mzima hugeuza gurudumu digrii 0.57. Robo mzunguko ni mwingi tayari. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kuna jambo jingine nililoliamini vibaya, nalo linawapeleka watu wengi gereji kulipia kitu wasichokihitaji. Gari likivuta upande mmoja, husemwa tou imeharibika. Kwa kawaida siyo. Magurudumu ya mbele yameunganishwa kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Mmoja akielekeza kichwa pembeni, hawaendi alikotazama yeye. Wanagawana tofauti, na jembe linaendelea katikati. Vivyo hivyo, tairodi moja ikiwa ndefu mno, magurudumu hugawana kosa, gari linakwenda mbele, na kinachopinda ni usukani mkononi mwako. Kinachovuta gari kwa kawaida ni tofauti ya kushoto na kulia katika kasta au kemba, upepo pungufu, breki inayong'ang'ania, au tairi lenyewe lilivyotengenezwa. Badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia, kama si ya kuzunguka upande mmoja tu. Mvuto ukihamia upande wa pili, umeshapata mwizi wako bila kulipa mtu. Kumbuka pia kwamba barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke, na gari zima kabisa huelea taratibu kuelekea ukingoni. Usukani unaotetemeka kwenye mwendo kasi ni habari nyingine tena. Anza kwa kukagua balansi ya magurudumu.

Basi gereji inauza nini? Inauza vile ambavyo uzi hauvijui. Kemba unaweza kuipima kwa pimamaji au simu iliyoegemezwa kwenye rimu, lakini sakafu ikiinama sentimita 1 katika mita 1.5 tayari imekuongopea digrii 0.38, na kosa hilo linaweza kumeza sehemu kubwa ya kiwango kinachoruhusiwa. Tou haijali sana mteremko huo. Kemba inaujali wote. Kasta haipimwi moja kwa moja: gurudumu hugeuzwa digrii 20 nje, kisha digrii 20 ndani, na tofauti ya kemba kati ya hali hizo mbili huzidishwa kwa takriban 1.5. Bila sahani za kugeuzia zenye alama za digrii na jukwaa lililosawazishwa, kosa hujilimbikiza haraka. Na magari mengi ya siku hizi yana kitambuzi cha pembe ya usukani, pengine na kamera ya kulinda njia, ambavyo huhitaji kurekebishwa kwa kompyuta baada ya kazi.

Ukienda, omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Usitulizwe na rangi ya kijani pekee, kwa kuwa kijani ni eneo lenye mwanzo na mwisho. Kasta ya kushoto inaweza kukaa mwanzo wa eneo na ya kulia mwisho wake, zote kijani, na gari likavuta. Na mwambie fundi atikise magurudumu kabla ya kupima. Bushi iliyokufa au boljointi (kiungo ambacho gurudumu hugeukia) inayocheza ikiachwa, namba za karatasi hiyo hudumu mpaka shimo la kwanza barabarani.

Mimi sasa natumia vyote viwili. Nikibadilisha tairodi, gari haliendi gereji likiwa limepinda na kusaga tairi jipya njia nzima; nalinyoosha kwa uzi kwanza. Jukwaa nalilipia kwa ajili ya kasta, kemba na magurudumu ya nyuma. Na nikishakaza nati ya tairodi napima upya, kwa kuwa kule kukaza kwenyewe huizungusha fimbo kidogo.