Ubalozi si kipande cha nchi nyingine

Hapa Lubumbashi, hasa ndani ya mabasi yaendayo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, husikika kwamba ubalozi wa Kongo ulioko Lusaka ni ardhi ya Kongo. Sivyo. Ardhi ile imebaki sehemu ya Zambia; ila Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaohusu uhusiano wa kibalozi kati ya nchi, katika ibara ya 22, unawakataza maafisa wa nchi mwenyeji kuingia bila idhini ya mkuu wa ubalozi, na hapo ndipo watu huchanganya kinga na mamlaka. Ubalozi mdogo wa Zambia mjini kwetu, ambao wengi huuita ubalozi tu, unafuata mkataba mwingine, wa mwaka 1963, wenye kinga pungufu: moto ukizuka, idhini yaweza kuhesabiwa kuwa imetolewa, na wazimamoto wakaingia.